Nililala, Mtani Akaniinua

Abu Hamour, Doha
Ijumaa, baada ya swala

Mama yangu Bi Zainabu, shikamoo.

Na wewe dada Mwajuma unayesoma, shikamoo pia, ila leo nina ombi kwako. Soma yote. Usiruke, usipunguze, wala usitie sukari. Nakujua. Barua yangu ya mwaka juzi ilikuwa kurasa nne, ukamsomea mama kwa maneno matatu, "anasema yeye hajambo," ukaenda zako kusuka ukili.

Mama, sikuulizi kama u mzima, kwa sababu nimeambiwa umepalilia mihogo yote ya bondeni peke yako, na mgonjwa hapalilii. Nakuuliza goti. Na yule mbuzi mwenye pembe moja, amezaa au bado anatudanganya na tumbo lake? Mimi ni mzima. Joto limeanza kupungua, sasa mtu anaweza kusimama nje bila soli za viatu kunata chini. Nipo lango lile lile la duka kubwa, nakagua mabegi ya watu, nasema "karibu" kwa lugha tano.

Aliyekuletea barua hii ni mwenzangu wa kazini aliyepata likizo. Mpe chai, mtandikie mkeka, lakini usimuulize habari zangu mpaka barua iishe. Nimemkataza kusema.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu yangu hupokei. Leo ni siku ya kumi na tisa. Nikipiga kwa Mwajuma ananiambia mama anaswali. Mama, dini yako naijua, lakini hakuna mtu anayeswali adhuhuri mara nne. Umenikasirikia, na haki unayo, maana ulinikataza jambo nami nikalifanya. Nataka nikueleze lilivyokuwa tangu mwanzo, halafu uamue mwenyewe. Huku ugenini mtu anaweza kukosa mengi akavumilia, lakini radhi ya mama siwezi kuikosa nikalala usingizi.

Kuna Mnigeria tunakaa naye kambi moja, jina lake Kunle. Kwao alikuwa mwalimu wa sekondari, huku ndiye msimamizi wa zamu yetu. Ni mtu mrefu, mpole, asiyecheka ovyo. Akikukuta umekaa kazini hakufokei, anasimama tu karibu yako mpaka uone haya uinuke. Huyu ndiye aliyeandika mchezo wa kuigiza. Aliniambia kwao waandishi wamezoea michezo ya namna hiyo: mji una balaa, wazee wanauliza miungu, miungu inataka mtu, na yule anayetolewa si mtu mbaya hata kidogo, ndiyo maana inauma. Mimi michezo niliyoizoea ni ya mume mlevi na mama mkwe. Huu wa Kunle ulinikaa kifuani siku nyingi. Usiogope, sijabadili dini, hapa naandika ndiyo kwanza natoka msikitini.

Hadithi yenyewe ni hii. Mtu mmoja, mchimba visima, aliuchimbia mji wao kisima. Siku maji yalipotoka, kwa furaha akapayuka mbele ya watu, "Maji haya yakikauka, niulizeni mimi." Neno la kujisifu tu, kama fundi yeyote anavyojisifu. Miaka ikapita, kisima kikakauka na mvua ikagoma. Wakapiga ramli. Ramli ikasema kisima kinamtaka mwenye neno lake. Angeweza kukimbia, mkewe alishamfungia chakula cha safari. Yeye akasema neno ni langu, nitalifuata. Kabla hajashushwa kisimani wanamwosha akiwa hai, wanamfunika sanda, wanamlilia, naye anasikia kila kitu. Anashushwa. Jioni ile ile mvua inanyesha, na mchezo unaishia hapo. Nilimuuliza Kunle, mvua ilinyesha kwa ajili yake au ingenyesha tu? Akanijibu kwamba hilo ni langu, nikalale nalo.

Kunle aliandika kwa Kiingereza. Watazamaji wengi tulikuwa sisi Watanzania, Wakenya na Waganda, kwa hiyo mimi na Otieno tukapewa kazi ya kuugeuza kwa Kiswahili. Otieno ni Mkenya wa Kisumu, dereva wa basi letu la kambi. Tulikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye neno moja, tukakwama nalo siku mbili. Yule mtu anayetolewa, aitweje? Otieno alitaka tuseme dhabihu, neno la kanisani kwao. Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, mtani wetu sisi Wazaramo, tunayesimama naye lango moja, akasema hilo ni tambiko. Mimi nikawaambia dhabihu ni kondoo na tambiko ni pombe na unga, lakini mtu akitolewa ili wengine wapone, sisi tunasema ametolewa kafara. Neno langu likashinda. Laiti lingeshindwa.

Mchimba kisima nikawa mimi. Kunle alisema sababu ni moja, kwamba mlinzi anaweza kukaa saa nzima bila kutikisika. Mpaka leo sijajua kama alinisifu.

Siku ya mazoezi nikalazwa juu ya meza, nikafunikwa shuka jeupe kuukuu la hoteli, limechanika ubavuni, uso wangu wakauacha wazi. Otieno akanichukua video, akaiweka kwenye simu yake watu waione, na chini akaandika, "Leo Rama anatolewa kafara." Kwake hilo lilikuwa neno jipya tu alilojifunza kwangu, akafurahi kulitumia. Hakujua kwetu lina uzito gani, kwamba mtu akiambiwa katolewa kafara maana yake kuna tajiri amemuua ili biashara yake isimame. Video ikatoka kwa Mtanzania mmoja ikaenda kwa mwingine, na kabla ya adhuhuri imeshafika kwetu Maneromango. Mwajuma ananiambia saa nane wewe ulikuwa umekaa chini, kanga kichwani, majirani wanaingia mmoja mmoja, na shangazi ameshaanza kuuliza maiti itafika lini.

Nilipopiga simu ukasikia sauti yangu, ulinitaka nirudie jina langu mara mbili. Kisha ukasema maneno ambayo nayakumbuka yote.

"Uko hai, namshukuru Mungu. Lakini umejichuria kifo, Rama. Mtu halali kama maiti na mama yake yupo duniani. Usilale tena."

Nikasema nimesikia, mama. Sikusema sitalala. Na wewe si mtoto, uliligundua hilo hapo hapo, ukampa Mwajuma simu yake.

Otieno nilimwendea nimekunja uso. Akanisikiliza, akashika kichwa. "Buda, pole sana," akasema. "Mi nilidhani wasee watacheka tu." Akaifuta ile video mbele yangu, na siku ya pili akaniletea maziwa ya ngamia, eti ya kutuliza moyo. Nilimsamehe. Mtu hawezi kujua uchuro wa kwa watu.

Sasa Mwajuma, hapa ndipo nilipokuomba usipunguze.

Mama, siku aliyozikwa baba, likizo sikupata. Hilo unalijua. Mwajuma alinipigia, akaiweka simu yake wazi juu ya kinu kilichopinduliwa pale uani, ili nami niwepo. Mimi nilikuwa langoni, simu mfukoni, waya sikioni, huku nakagua mabegi. Nilisikia dua. Nilisikia shangazi anavyolia. Halafu nikasikia watu wanacheka. Kwanza nilidhani ni wapita njia. Kicheko kikazidi, na ndani yake nikakisikia chako, maana chako nakijua, kina kikohozi mwishoni. Baba hajatoka hata mlangoni, na wewe unacheka. Nikakata simu. Maganga akanishikia lango, nikaenda chooni nikakaa huko mpaka alipokuja kunigongea.

Baadaye Mwajuma akanieleza kwamba ni mtani wetu Mnyamwezi, Mzee Mihayo fundi baiskeli, aliingia uani amevaa kanzu ya baba na kofia yake, anatafuta miwani kama baba alivyozoea, huku kaivaa usoni, anagombana na kila mtu kwamba wameiba. Nikasema sawa, ni mila. Nimekulia humo, nimeona watani wakilala kwenye jeneza wakidai kuku. Lakini moyoni haikuwa sawa. Niliona ni rahisi kwenu kucheka, mlikuwa mnamwona. Tangu siku ile, miezi kumi na moja, sikukuuliza hata mara moja baba alizikwaje. Ulidhani naogopa kulia. Nilikuwa nimekukasirikia, mama. Ndivyo ilivyokuwa, na niliona haya kusema.

Kwa hiyo Kunle aliponieleza kwamba yule mchimba kisima analala chini ya sanda na anasikia wanaomlilia, nilijua lazima nilale mimi. Si kwa ajili ya kupigiwa makofi. Nilitaka kujua mtu akiwa chini ya shuka, watu wako juu yake, kunasikikaje. Nilitaka kukaa pale alipokuwa baba. Uliponiambia nisilale, nilikuwa nimeshaamua. Hapo ndipo nilipokukosea, na kwa hilo nakuomba msamaha bila maelezo.

Tuliucheza Ijumaa iliyofuata, baada ya alasiri, kwenye ukumbi mdogo wa kukodi huku Abu Hamour. Walikuja watu hata kutoka Al Wakrah, madereva, wahudumu wa hoteli, dada zetu wa majumbani waliopata ruhusa. Kisima kilikuwa matairi matatu ya lori yamepangwa moja juu ya jingine, yamepakwa rangi ya udongo. Mvua ilikuwa mchele, ungemwagwa polepole juu ya sinia la bati nyuma ya pazia. Wanigeria na Waghana walikaa mbele wamevaa vizuri, sisi wengine nyuma.

Mwanzo ulikwenda kama Kunle alivyotaka. Nikajisifu, kisima kikakauka, wazee wakaja, nikakubali. Dada mmoja wa Kampala aliyecheza mke wangu alinilazimisha nichukue chakula cha safari, nikakikataa. Wakaniosha kwa maji ya chupa. Wakanifunika, safari hii na uso. Nikafumba macho, wakaanza kulia. Mama, chini ya shuka hakuna kitu. Unasikia kilio lakini hakikufikii, kila mtu anajililia mwenyewe. Nikajisikia mpweke kuliko nilivyowahi kuwa, hata kuliko ile wiki ya kwanza nilipofika huku.

Maganga alikuwa miongoni mwa wachukuzi. Maandishi yalisema ashike miguu, mwenzake ashike mabega, wanipeleke kisimani kimya kimya. Akaishika miguu yangu. Kisha akaibwaga chini, pwaa. Nikasikia anaichukua kofia yangu ya uchimbaji, na watu wanaanza kuguna. Akavaa, akaweka mikono nyuma, akatembea ninavyotembea mimi langoni.

"Fungua begi, sista. Fungua na hicho kipochi." Sauti ilikuwa yangu kabisa. "Mnamlilia Mzaramo huyu? Kisima amekichimba kwa kijiko cha chai! Aliposikia afukue tena, akaona heri afe."

Watanzania wote wakapasuka. Wakenya wakafuata bila kujua wanafuata nini. Mtu akapiga kelele kutoka nyuma kwamba hata huko chini nisiachwe peke yangu, nitakunywa maji yote. Nilijitahidi kukaza tumbo, lakini shuka likaanza kutikisika, na kadiri lilivyotikisika ndivyo Maganga alivyozidi. Akanishitaki kwa maiti mwenzangu asiyekuwepo, kwamba nadaiwa kuku wa sikukuu ya mwaka juzi. Mama, nilikuwa nacheka. Na kile kicheko ndicho kilichopenya shuka. Kilio hakikufika, lakini utani ulifika, kwa sababu ulikuwa unaniita kwa sura yangu, mwendo wangu, uvivu wangu. Nikajua, mahali pale pale, kwamba siku ile mlikuwa mnamwita baba. Nilikata simu mnamwita.

Maganga akapiga magoti, akainama sikioni mwangu. Ukumbi haukusikia.

"Mzee wako sikumzika," akaniambia. "Nilikuwa nakushikia lango. Haya, leo nimekuja. Inuka, Mzaramo, umelala vya kutosha."

Akanishika kwapani, akaniinua na shuka langu. Nililia, mama. Nililia mbele za watu wote, machozi ya miezi kumi na moja, nao wakadhani ni mchezo. Akaniweka ndani ya matairi, mchele ukamwagwa, mvua ikanyesha, makofi.

Kunle hakufurahi. Alituambia nyuma ya pazia kwamba msiba mkubwa ukiuchekea, mzigo wake unamwagika, na mtazamaji anapaswa kuondoka nao mabegani mpaka nyumbani. Alisema amekaa miaka miwili na mchezo ule na tumemharibia kwa dakika tano. Hakupandisha sauti, ndiyo maana iliuma zaidi. Maganga akamjibu kwa Kiingereza chake cha kuokoteza kwamba kwao maiti haachiwi watu wa kulia peke yao, lazima awepo wa kumtania, la sivyo nani atawainua waliokaa chini? Siku tatu Kunle hakusema naye ila ya kazi. Siku ya nne alikuja chumbani kwetu na daftari, akakaa kwenye kitanda cha Maganga, akataka kujua utani ni nini, nani na nani ni watani, na inakuwaje mtu atukane marehemu asipigwe. Aliandika kurasa nyingi. Mwishoni akauliza, pale sikioni ulimwambia nini? Maganga akakataa kusema. Kunle akamtazama, akafunga daftari, akasema basi hapo ataacha nafasi tupu.

Ndivyo ilivyokuwa. Ulinikataza, nikalala. Lakini sikujiinua mwenyewe, na hilo ndilo nililotaka ulijue kabla hujanihukumu. Niliinuliwa na mtani. Kama uchuro ulikuwepo, sidhani kama umebaki. Kamuulize Mzee Mihayo, yeye ndiye mwenye kazi hiyo: Mzaramo akijilaza mwenyewe ugenini, Mnyamwezi akamwinua, inatosha? Akisema haitoshi, nitakuja nifanyiwe upya mbele yake, na kuku nitatoa mimi.

Nisalimieni shangazi, mwambieni maiti aliyemuuliza bado anakagua mabegi. Nisalimieni shemeji Hamisi, mume wa Mwajuma, na kisigino chake kinachomuuma. Mjomba Salehe mwambieni koti alilotaka nimeliona, ila mikono mirefu. Mpwa wetu aliyeileta ile video nyumbani asipigwe tena, inatosha. Na Bi Mwamvita jirani, aliyekuwa wa kwanza kuja kukushika mkono, mpeni shukrani zangu za kweli.

Sasa mama, geuka umtazame huyo uliyempa chai. Ndiye Maganga. Nilimwomba asijitaje mpaka Mwajuma afike hapa. Hajaja kukupa pole, hilo hajui kulifanya. Mpeni kofia ya baba na ile kanzu. Baba alivyokuwa akitembea nimemfundisha wiki nzima, na kutafuta miwani anakujua, ila ile ya kukusingizia kuwa umeikalia hakuiweza vizuri, mtamrekebisha.

Mwajuma, nipigie, kisha weka simu yako juu ya kinu, kama siku ile. Nipo langoni, waya uko sikioni. Safari hii sikati.

Mwanao,
Ramadhani